Nazi Kumi na Moja za Mkwezi

Nazi kumi na moja ndizo zilizoninyima usingizi. Nikiziandika, niliwaza, bibi yangu atakosa kila senti aliyoshinda. Nisipoziandika, nitamwapisha uongo juu ya msahafu, mwanamke ambaye tangu nimfahamu hajaikosa swala ya alfajiri. Nikageuka upande wa ukuta. Nikageuka upande wa mlango. Kitanda cha kamba kililia mpaka bibi akauliza kutoka chumba cha pili, kwa utani wake wa bibi na mjukuu:

"Mume wangu, una kunguni au una mawazo?"

"Mawazo, bibi."

"Bora kunguni. Kunguni huanikwa juani."

Wakati huo nilikuwa nimetoka chuo cha ualimu miezi mitatu nyuma. Cheti changu kilikuwa ndani ya kopo la biskuti chini ya kitanda hicho hicho, nami nilikuwa nangoja barua ya kunipangia shule. Mji wetu ni mdogo, kaskazini ya Bagamoyo, na mtu aliyesoma hakuweza kukaa humo bila kazi hata siku moja. Barua za watu niliziandika mimi, na za majibu nilizisoma mimi. Kwa hiyo bibi aliposhinda shauri lake barazani kwa hakimu na kuambiwa alete orodha ya gharama ili mshindwa amlipe, hakuna aliyeuliza nani ataiandika.

Shauri lenyewe lilikuwa la minazi. Kwetu pwani ardhi inaweza kuwa ya huyu na miti iliyo juu yake ikawa ya yule. Aliyepanda mnazi ndiye mwenye mnazi, hata kama umesimama katika kiwanja cha mwenzake. Babu yangu alipanda minazi kumi na moja katika kiwanja cha jirani, kwa ruhusa ya baba wa jirani huyo, kabla ya vita ya kwanza ya Wazungu. Wazee wale wawili walikwisha kufa, na ruhusa ilikuwa ya mdomo. Bei ya mbata, nazi iliyokaushwa, ilipopanda, jirani akakumbuka ghafla kwamba minazi ile ilipandwa na baba yake mwenyewe, tena baada ya vita, wakati babu yangu alikuwa keshahamia upande wa pili wa mji.

Jirani hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mnene, mcheshi, mpenda kula, na alikuwa amesalimiana na bibi kila asubuhi kwa miaka mingi kuliko umri wangu. Hata shauri lilipokuwa likiendelea walisalimiana. "Umeamkaje, mwizi wa minazi?" bibi humwambia. Naye hujibu, "Nimeamka salama, mwizi wa kiwanja." Kisha kila mmoja hushika njia yake kwenda barazani.

Kufungua shauri kunataka ada, na kuita mashahidi kunataka ada, na mashahidi wanataka nauli na chakula. Bibi hakuniambia fedha alizitoa wapi. Nilijua siku alipoinua mkono kushusha ungo ukutani, nikaona kifundo cha mkono ni kitupu. Bangili zake mbili za fedha, nzito, zenye nukta nukta kama mbegu za ufuta, alikuwa ameziweka rehani kwa mwenye duka mmoja Bagamoyo kwa shilingi arobaini. Bangili hizo huvaliwa na kila bi harusi wa nyumba yetu. Mama yangu alizivaa. Na mdogo wangu wa kike alikuwa anaolewa Ijumaa ya wiki ile ile ambayo baraza litakaa Jumanne kusikiliza orodha ya gharama. Hapo ndipo mambo yote yalipofungwa fundo moja: bibi akilipwa Jumanne, bangili zitarudi, asipolipwa, mdogo wangu atatoka mbele ya wakweze na mikono mitupu, na bibi atajua ni kwa sababu yake.

Sasa nieleze nazi.

Siku ya kwanza ya shauri hakimu wa baraza alitoa amri. Mtu yeyote asiangue kitu katika minazi ile kumi na moja, hata kidaka, nazi changa kabisa, mpaka shauri liishe. Siku ya pili akasema kwamba maneno ya bibi na maneno ya jirani yana uzito sawa, na anataka mtu anayejua umri wa minazi, asiye ndugu wa yeyote. Akaitwa mkwezi wa kijiji cha pili, mtu mfupi mwenye nyayo pana kama makasia, ambaye maisha yake yote alikuwa akikwea minazi ya watu. Karani wa baraza akaandika mbele ya jina lake maneno mawili: shahidi mjuzi. Mkwezi akaomba asomewe maneno hayo mara mbili.

Tukaenda wote kiwanjani: hakimu juu ya kiti alichobebewa na tarishi, karani na daftari lake, bibi, jirani, mimi na nusu ya mji. Mkwezi akatia kitanzi cha kamba miguuni, akaning'iniza kamba nyingine nyembamba shingoni, akapanda. Kila kuti la mnazi likianguka huacha kovu shinani, alitueleza kwa sauti kutoka juu, na mnazi mkubwa huangusha kuti moja kama kila mwezi. Akawa anahesabu makovu, na kila akifika kumi na mbili anapiga fundo katika ile kamba nyembamba. Mnazi mmoja, kamba moja. Alipomaliza alizitandika kamba kumi na moja miguuni pa hakimu kama samaki. Ile yenye mafundo machache kabisa ilikuwa na thelathini na tisa.

"Na miaka mitano ya mwanzo," mkwezi akasema, "mnazi hauna shina la kuhesabu. Ongezeni wenyewe. Mimi sikusoma."

Niliongeza mimi, kwa sauti, kabla sijaulizwa. Hata ule mdogo kabisa ulikuwa na miaka arobaini na minne, na vita ilikuwa na thelathini na sita tu tangu ianze. Jirani alitazama juu, akatazama kamba, akajifuta jasho.

Na ilikuwa adhuhuri ya jua kali. Mkwezi, kama afanyavyo kila mkwezi wa pwani tangu minazi iwepo, alikuwa ameangusha nazi moja katika kila mnazi aliokwea. Ndio ujira wake: mnazi mmoja, nazi moja. Alipoona wazee wanahema, alirudi juu ya mnazi mfupi akaangusha madafu matano. Akayachonga. Hakimu akanywa. Karani akanywa. Bibi akanywa. Jirani akanywa mawili. Kisha mkwezi akatia nazi zake kumi na moja ndani ya pakacha, na mimi, kwa adabu, nikamsaidia kulibeba mpaka barabarani.

Hakuna aliyekumbuka amri. Hakimu aliyeitoa hakuikumbuka, karani aliyeiandika hakuikumbuka, na jirani ambaye ingemfaa kuikumbuka alikuwa anakwangua nyama ya dafu kwa kipande cha kifuu.

Wiki iliyofuata bibi akapewa ushindi. Tulipiga vigelegele mpaka tarishi akatutoa nje. Lakini kabla ya shauri letu siku hiyo lilisikilizwa jingine, la mtu aliyeshinda shauri la shamba lake la muhogo, akaja kudai gharama. Mshindwa akasema: huyu alichimba muhogo wa shamba lile wakati amri ya kutogusa ipo. Hakimu akauliza, ni kweli? Ni kweli, bwana, nilichimba kidogo, watoto walikuwa na njaa. Hakimu akafunga daftari. "Mvunja amri ya baraza hapati gharama. Hata senti." Yule mtu akatoka na shamba lake, lakini mifuko mitupu.

Kisha karani akatueleza masharti yetu. Orodha iandikwe kwa wino. Kila kilichotolewa kiandikwe, kwa nani na kwa kazi gani. Mdai ataapa kwamba hayo ndiyo yote, hakuongeza na hakupunguza.

Nilianza kuandika siku ile ile kwa furaha, na mistari ya kwanza ilikwenda vizuri. Ada ya kufungua shauri. Ada ya kuita mashahidi. Nauli ya lori. Chakula. Jumla shilingi arobaini na moja. Arobaini za bangili, na moja ya kununulia udi wa harusi! Nilikaribia kucheza. Nikaandika mstari wa mwisho, "Mkwezi, shahidi mjuzi, alilipwa," na hapo kalamu ikasimama, nami nikamwona yule mtu wa muhogo akitoka mlangoni.

Niliacha mstari ule, nikachukua karatasi nyingine, nikaandika orodha isiyo na mkwezi. Ikapendeza. Kisha nikawaza: hakupunguza. Bibi ataweka mkono juu ya msahafu na kuapa kwamba hakupunguza. Yeye anasoma herufi za Kiarabu, hizi zangu hazijui. Ataapa kwa kuiamini kalamu yangu tu. Nikachukua karatasi ya tatu. Je, nazi ya mkwezi ni gharama, au ni desturi? Kama ni desturi, si gharama. Lakini kama si gharama, mbona tungemlipa shilingi kama nazi zisingekuwepo? Na zile nazi zilikuwa za nani siku ile, kama shauri lilikuwa halijaamuliwa? Zilikuwa za bibi, hukumu imesema. Lakini siku ile hukumu haikuwepo. Niliandika "zawadi kwa mkwezi", nikafuta. Chuoni walitufundisha mantiki. Hawakutufundisha pa kuishia.

Siku mbili kabla ya baraza mkwezi mwenyewe akaja. Alikaa kibarazani kwetu, akanyoosha miguu.

"Shikamoo, mjomba," nikamwambia.

"Marahaba, mwalimu. Nasikia unaandika karatasi ya fedha. Mimi umeniandika shilingi ngapi?"

"Wewe ulichukua nazi zako, mjomba."

"Nazi ni za kukwea. Ujuzi je? Kuna daktari aliletwa kutoka Dar es Salaam kutazama mguu wa mtu mmoja aliyegongwa na lori. Mguu mmoja! Kalipwa fedha za kununua baiskeli. Mimi nimetazama minazi kumi na moja. Andika thelathini. Nitatia dole gumba."

"Siwezi kuandika ambacho hatukulipa."

"Ishirini."

"Mjomba."

"Huyu mtoto kavunwa mbichi," alimwambia bibi, aliyekuwa anapepeta mchele ndani ya ukumbi. "Hashuki wala hapandi."

"Mwache," bibi akajibu. "Ndivyo alivyozaliwa. Alitoka mguu mmoja, akasita."

Mkwezi akacheka mpaka akajipiga paja. Lakini aliposema tena hakuwa anatania. "Basi usiandike fedha. Lakini nazi zangu ziandike. Miaka yote hii nakwea, watu wananiita tumbili. Baraza limeniita mjuzi. Karatasi ikisema mashahidi wote walipata chao ila mkwezi, watu watasema alikwea bure. Na mkwezi anayekwea bure, mwalimu, ni yule anayefukuzwa na mbwa."

Nilikuwa na karatasi tatu chini ya mto, moja ina nazi, moja haina, moja imejaa maneno niliyoyafuta, na sasa kila nikiishika moja naona uso wa mtu: yule wa muhogo, huyu wa nyayo pana, mdogo wangu na mikono mitupu.

Usiku wa kuamkia Jumanne ndio ule wa kunguni na mawazo. Alfajiri nilimsubiri bibi amalize swala, nikamweleza yote, kwa haraka, huku nikitazama chini. Nazi zilikuwa chini ya amri. Tukizitaja, tunaweza kukosa yote. Tusipozitaja, utakuwa hujaapa kweli.

Bibi alikunja mkeka wake wa kuswalia polepole.

"Ulitaka mkwezi akwee bure?"

"Hapana, bibi."

"Nazi alichukua?"

"Alichukua."

"Basi unaniuliza nini?"

"Bangili."

Akausimamisha mkeka ukutani. "Bangili nimezivaa tangu sijamjua babu yako vizuri. Nazijua uzito wake. Ulimi wangu nimekuwa nao tangu kabla ya hapo." Kisha akaingia kuchukua buibui, na mlangoni akageuka. "Lakini mimi nitaapa kile utakachoandika wewe, mume wangu. Mimi kalamu sina."

Kwa hiyo hakuniondolea kitu. Aliniachia kalamu yangu. Nilikaa chini, nikaandika karatasi ya nne, na humo nikaandika hata madafu, kwa sababu nikishaanza kusema kweli sijui kuacha njiani.

Barazani karani aliipokea, akaipitisha macho, akafika chini. Akanyanyua nyusi. Akaniinamia karibu, harufu ya karafuu kinywani.

"Kijana. Mstari huu wa mwisho umeuandika ukiwa macho?"

"Ndiyo, bwana."

"Mimi nina kalamu hapa. Naukata sasa hivi, bibi yako anaondoka na arobaini na moja. Nikiusoma, sijui ataondoka na nini. Nikate?"

Nilimtazama bibi kwenye benchi, mikono yake imekaa juu ya magoti, mitupu. Nyuma yake alikuwa amesimama mkwezi, amevaa kanzu ya kuazima iliyomfika nusu ya mashavu ya miguu, ameinua kidevu anasubiri kusikia atakavyoitwa. Nilitaka siku nyingine moja ya kufikiri. Nilitaka hata saa moja. Nikasikia sauti yangu ikisema, kubwa kuliko nilivyokusudia, "Usikate, bwana. Soma yote."

Akasoma. Ada, ada, nauli, chakula. Kisha akakohoa. "Mkwezi, shahidi mjuzi. Nazi kumi na moja, moja kwa kila mnazi aliokwea, kwa desturi. Tena madafu matano, yaliyonywewa na waliokuwepo."

Hakimu akavua miwani.

"Waliokuwepo ni nani?"

Karani akatazama daftari lake. "Ni... sisi, bwana."

Mtu mmoja nyuma akacheka kwa pua. Hakimu akamgeukia jirani. "Mdaiwa. Wewe siku ile ulikunywa?"

"Nilikunywa, bwana," jirani akasema kwa unyonge.

"Mawili!" bibi akapaza sauti. "Na nyama yake alikwangua!"

Hapo watu hawakuweza tena. Baraza zima lilicheka, tarishi akicheka huku akigonga mlango kutaka kimya, na hakimu mwenyewe akaficha mdomo kwa miwani yake. Yalipotulia, alimwapisha bibi. Bibi akaweka kiganja juu ya msahafu, akasema kwa sauti iliyofika nje kwamba hayo ndiyo yote, hakuongeza na hakupunguza. Nilisikia kila neno. Sikupata wasiwasi hata kidogo, jambo ambalo lilinitia wasiwasi.

"Nilikataza kuangua," hakimu akasema. "Yule wa muhogo alichimba akapeleka jikoni kwake, alivuna. Nazi ya mkwezi si mavuno. Ni ujira, na tulimwita sisi akwee. Gharama zinalipwa. Mdaiwa atatoa shilingi arobaini na moja, na nazi kumi na moja kutoka katika minazi yake mwenyewe. Ama madafu..." Aliingiza mkono mfukoni, akaweka senti ishirini juu ya meza. "Langu hili. Kila mtu alipe alichokunywa." Karani akatafuta mifukoni kwa haraka. Jirani akalipa mawili.

Nje, jirani alimhesabia bibi fedha, noti na sarafu, kiganjani. "Nazi nitaleta Ijumaa, mwizi wa kiwanja," akasema. "Lakini nipikiwe wali wake."

"Lete, mwizi wa minazi. Na mbuzi ya kukunia nitakupa. Utazikuna mwenyewe mbele ya wanawake."

"Nitakuna!"

Mkwezi alinivuta pembeni, kanzu imemkaza mabegani. "Umeandika vile vile? Shahidi mjuzi?"

"Vile vile, mjomba."

"Na karani kasoma, hakuruka."

"Hakuruka."

Akaniomba nimwandikie mstari ule peke yake katika kipande cha karatasi. Nilimwandikia hapo hapo, juu ya goti, bila kufuta hata herufi moja. Kisha nikazichukua zile shilingi arobaini za bangili kwa bibi, nikazifunga kwenye pindo la leso aliyonipa, nikakimbilia lori lililokuwa linawasha injini kuelekea Bagamoyo, kabla sijapata muda wa kufikiri kama nimepanda lori sahihi.